Dada Yangu Alivyoizuia Treni ya Verona

Dada yangu Roswitha alifundisha historia ya Warumi shuleni pale mjini kwetu Steyr kwa miaka ishirini na tisa bila kuitia Italia machoni. Kwanza alikuwa akimuuguza mama yetu. Kisha, alipofikisha miaka hamsini na miwili, ugonjwa wa neva ukamchukua miguu. Alipostaafu akaniambia, "Traudl, funga mizigo. Tunakwenda Verona kuuona uwanja wa Warumi. Kwa treni."

Alipanga kila kitu mwenyewe. Siku kumi kabla ya safari aliwapigia simu watu wa reli, akapewa namba ya kuthibitisha kwamba kila kituo atapandishwa na kushushwa. Aliiandika kwenye kadi, akaifunga kwenye mkono wa kiti chake cha magurudumu. Salzburg mambo yalikwenda sawa. Innsbruck aliliangalia paa la dhahabu la jumba maarufu la pale mpaka shingo ikamuuma, akacheka kama msichana.

Mambo yaliharibika kwenye kituo kidogo cha milimani tulikobadili treni; jina lake silitaji. Mashine ya kuinulia kiti ilikuwapo pale jukwaani, imefungwa kwa mnyororo na kufuli.

"Mwenye ufunguo yuko wapi?" Roswitha akamuuliza kondakta.

Kondakta, kijana wa ndevu zilizochongwa vizuri, akanijibu mimi. "Amekwenda kula. Mwambie bibi asubiri treni ijayo, baada ya saa mbili. Ila ile haina nafasi ya viti kama hivi."

Nikafanya nililozoea kufanya maisha yangu yote. Nikatabasamu. "Samahani sana kwa usumbufu, kaka," nikasema, nikaanza kukivuta kiti nyuma.

Dada akayashika magurudumu kwa nguvu. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Umemwomba radhi?"

"Dada, watu wanatuangalia..."

"Waangalie! Nimemkosea nini huyu? Sema, Traudl. Nimemkanyaga? Kwa miguu ipi?"

Kondakta akatia filimbi mdomoni. Kabla hajaipuliza, Roswitha akakisukuma kiti mbele, vikanyagio vyake vya miguu vikaingia mlangoni mwa behewa. Mlango ukajaribu kujifunga, ukagonga chuma, ukafunguka. Ukajaribu tena, ukagonga tena.

"Bibi, unachelewesha watu mia tatu!"

"Mimi ni wa mia tatu na moja. Tiketi hii hapa. Hesabu upya!"

Dirishani mwanamume mmoja akapaza sauti: "Ee mama, wenzako tuna kazi!"

"Basi shuka umtafute mwenye ufunguo!" akamjibu, kwa ile sauti iliyokuwa ikinyamazisha darasa zima.

Yeye hakushuka. Aliyeshuka ni mwanamke mnene mwenye kapu la jibini. Alivuka reli bila kuuliza mtu, akaingia mkahawani, na baada ya dakika ishirini akatoka na mzee mmoja akimburuta kwa mkono, kitambaa cha kulia bado kinaning'inia shingoni. Mzee akafungua kufuli. Kumpandisha dada kulichukua dakika mbili.

"Dakika mbili!" Roswitha alipiga kelele behewa zima likamsikia. "Hizo ndizo mlizoninyima!"

Mpaka Verona alitazama dirishani, mgongo wake kwangu. Nami nilikaa pale na hasira, lakini hasira yangu ilikuwa juu yangu mwenyewe: kila dukani, kila ofisini, nimekuwa nikimwombea msamaha kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mbwa wake.

Uwanjani aliweka kiganja juu ya jiwe la ukuta, lile jekundu lililofifia, akakiacha hapo muda mrefu. Nilidhani amepoa.

"Usinisemee tena," akasema bila kunitazama.

"Sitakusemea."

"Sasa nisukume kule kwenye kivuli. Na usilie, unaniudhi."

Baada ya mwezi ilikuja barua kutoka kwa watu wa reli. Walisikitishwa, waliandika, na "hali iliyojitokeza". Roswitha akatoa kalamu nyekundu. Akapiga mstari chini ya neno "hali", akaandika pembeni: *Nani aliyeifanya? Mtenda yuko wapi?* Chini kabisa akawapa alama ya kufeli, akawarudishia.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Mnyororo umeondolewa, walisema, na ufunguo sasa unakaa ofisini kwa mkuu wa kituo.

"Waongo," alisema dada, akaitupa mezani. Ameshakata tiketi za Septemba. Hatuendi Verona. Tunakwenda mpaka kile kituo tu, tushuke, tupande, turudi nyumbani.