Mbwa Aliyealikwa Kubariki Nyumba

Jirani yangu wa mlango wa pili alihama na kila kitu. Nikisema kila kitu sitii chumvi, na mimi ni mtu wa kutia chumvi. Alibeba sofa, friji, magodoro, sufuria zisizo na vifuniko, kamba ya kuanikia nguo ambayo ilikuwa ya ploti nzima, hata balbu ya choo cha wote aliifungua akaitia mfukoni, tukakojoa gizani mpaka keateka, msimamizi wa hizi nyumba za kupanga, akaona haya akanunua nyingine. Lori liliondoka limejaa mpaka nikageuka kuangalia kama ukuta umebaki. Kitu kimoja tu aliacha. Kilikuwa kimesimama katikati ya barabara ya murram kikitikisa mkia, kikingoja lori ligeuze.

Mbwa wake. Rangi ya chai iliyomwagika, sikio moja limesimama, lingine limelala kama la mtu aliyechoka kusikiliza habari. Alingoja pale barabarani mpaka vumbi likamfanya mweupe, kisha akarudi kulala kwenye mlango uliofungwa, pua imewekwa pale chini ambapo harufu ya watu wake ilikuwa bado inatoka.

Mwenye mbwa ni dalali wa mashamba. Ni wale wanaokupeleka Kajiado ndani, wanakuonyesha mti wa miiba na kukwambia, hapa ndio sebule. Akiongea utadhani ameumba Kitengela kwa mkono wake na kupumzika siku ya saba. Mimi mchana nauza simiti na mbao kwenye hardware ya mtu, na kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni nikiwa na watoto wawili na kipara kinachoanza. Kila nikipita na vitabu vyangu alikuwa ananingoja getini, meno nje. "Form wani, umemaliza homework?" Mbele ya mke wangu. Matokeo yalipotoka na nikawa nimepita, akauliza kama sasa nitapelekwa bweni. Nilicheka kuliko wote, kwa sababu utani ulikuwa mzuri. Mwenye utani ndiye alikuwa wa bure.

Basi baada ya wiki chache keateka akaja na amri ya mwenye ploti. "Hii si zoo," alisema. "Jumamosi jioni nikipata hiyo mbwa hapa, nitaiwekea nyama."

Kila mtu alijua ni nyama gani. Mbwa wa mama wa kibanda cha mboga aliwekewa hiyo nyama mwaka uliopita. Tulimkuta asubuhi kando ya tangi la maji, amejikunja kama kiatu kilichokauka juani, na keateka akamburuta kwa mguu huku anakunywa chai.

Wapangaji tukakutana pale kamba ya nguo ilipokuwa. Sijawahi kuona upendo wa wanyama kama ule. Mama wa mlango wa kwanza alisema moyo wake ni wa wanyama kabisa, tangu utoto, ila ameshona mapazia mapya. Kijana wa mlango wa mwisho, mwenye picha za simba kwenye simu, alipendekeza tumpeleke kule kwa slaughterhouse ya barabara ya Kajiado, "mifupa iko mingi, atasurvive." Mwingine akasema tumwachilie tu mbugani akajitafutie, kama mtu anayemfukuza mwanawe aliyemaliza chuo. Wote walikuwa wamemlisha kwa siri. Mbwa aliyeachwa na mwenyewe hanenepi hivi hivi. Lakini kuulizwa nani atamchukua, kila mmoja aliangalia viatu vyake kana kwamba jibu limeandikwa kwenye kamba.

Mimi pia singeweza. Chumba kimoja, watu wanne, na kifungua mimba wangu ana pumu. Mbwa akijikuna upande wa pili wa ua, yeye anaanza kupiga filimbi kifuani. Lakini sikuangalia viatu. Nilisema nitamtafutia mahali.

Nikamwendea yeyo anayetuletea maziwa, mama wa Kimaasai anayeishi huko nyuma ya Kisaju na mbuzi wake. Asubuhi alipofika na mitungi nikamsalimia, sopa yeyo, akaitika epa, nikamwambia niko na mlinzi wa mbuzi, wa bure, ameiva.

"Mlinzi wa mbuzi ama mlaji wa mbuzi?" aliuliza.

"Yeyo, huyu ni kondoo aliyevaa ngozi ya mbwa."

"Lete tumuone."

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini, nikamtia mbwa kwenye gunia la simiti, kichwa nje, nikampakia bodaboda katikati yangu na dereva. "Mzee, huyu anauma?" dereva aliuliza. Nikamwambia anauma wanaouliza, na hakuongea tena mpaka Kisaju.

Yeyo hakumwangalia meno wala miguu. Alimfunga kwenye mlango wa zizi na kungoja mbuzi warudi. Anataka mbwa ambaye mbuzi wakipita anapiga miayo. Wakaja, vumbi na kengele, wakapita mbele ya pua yake. Mbwa wetu hakupiga miayo. Alisimama. Alianza kutoa mate, mate marefu mpaka ardhini, na macho yakamtoka kwa mapenzi. Hapo ndipo nilikumbuka ploti nzima tulikuwa tunamlisha nini: mifupa ya mbuzi kutoka kwa jamaa wa supu, kila jioni, na mimi nikiwa wa kwanza. Tulikuwa tumemfundisha wiki zote hizo kwamba mbuzi ni chakula cha jioni, kisha tukamleta kuomba kazi ya kuwalinda.

Yeyo alicheka mpaka akashika nguzo. "Rudi naye, baba. Akilala hapa, vijana wangu watamchoma mkuki kabla ya chai."

Nikarudi naye. Dereva alinitoza kama amebeba ng'ombe.

Ijumaa simu ikalia. Ni kundi la WhatsApp la ploti, ambamo yule dalali hakutoka hata baada ya kuhama, kwa sababu atamringia nani huko mbele? Alikuwa ametuma mwaliko wenye maua na njiwa. Jumamosi alasiri mchungaji anakuja kubariki nyumba yake mpya. Karibuni nyote majirani wa zamani, aliandika, njooni na familia, asiachwe mtu yeyote nyuma.

Nilisoma mara mbili. Mke wangu akaniangalia. "Hapana," alisema.

"Yeye ndiye amesema."

"Utatuaibisha."

"Sisi?" nikamuuliza. Akafikiria kidogo, kisha akaenda kutafuta sabuni ya kumwosha mbwa.

Jumamosi nilivaa suti yangu ya mahafali, mbwa akavaa kamba mpya ya manila kutoka hardware, na tukaenda kwa miguu mpaka kule karibu na machimbo ya mawe. Nyumba yenyewe ni ndogo, lakini geti lake lingetosha Ikulu. Hema la kukodi, viti vya plastiki, harufu ya pilau, akina mama wamevaa vitenge vya sare. Nilisimama nyuma kwa adabu zote. Yule bwana alikuwa anatoa ushuhuda, suti ya rangi ya samli, mkono mmoja kifuani.

"Mungu ametutoa mbali," alisema. "Tumetoka kwa ploti, choo cha kushare, majirani wa kila aina. Lakini alituvusha sote, na hatukuacha kitu."

Naapa sikuachilia kamba. Mbwa alisikia ile sauti, akaruka hewani, na kamba ikanichubua kiganja. Alipita katikati ya viti, akaangusha soda za wazee wa kanisa, akafika mbele na kumwekea bwana miguu miwili kwenye suti. Alilia. Sijui kama umewahi kusikia mbwa mkubwa akilia kama mtoto aliyechelewa kuchukuliwa shuleni. Alimlamba mikono, tai, kidevu.

"Hii mbwa ni ya nani?" bwana aliuliza, akimsukuma na goti.

Mchungaji, mtu mpole, akasema, "Inaonekana ni kama inakujua, ndugu."

"Hizi mbwa za Kitengela zinajua kila mtu."

Hapo mbele, kwenye kiti chenye mto, alikuwa ameketi mama yake mzazi, aliyetoka Mwingi kwa basi kuja kuona baraka za mwanawe. Alivaa miwani. Akainuka polepole, akamshika mbwa lile sikio lililolala, akaligeuza na kuangalia ndani.

"Si hii ndio nilikuletea kwa kikapu?" alisema. "Uliniambia iligongwa na lori."

"Mama, hiyo ilikuwa ingine."

"Hili sikio lilidonolewa na jogoo wangu. Mimi ndio nililishona."

Bwana alitafuta maneno, na dalali kukosa maneno ni kama Namanga Road kukosa magari. Aliniona nyuma. Uso wake ulipita rangi zote, mpaka ile ya suti. Mimi nikampungia mkono, kwa adabu.

"Basi imefufuka," mama akasema, akaketi. Akachukua mnofu kwenye sahani yake, wa mbuzi, akampa mbwa. Akamlaza juu ya viatu vyake na kumwambia mchungaji aendelee. Mchungaji akaendelea. Nyumba ikabarikiwa na kila kitu kilichomo, na mbwa alikuwemo, amelala mbele kabisa. Mimi nilikula pilau sahani mbili. Jioni keateka alipopita na karatasi yake ya nyama, hakupata wa kumpa.

Wiki iliyofuata sikulala vizuri, nikidhani yule dalali atampakia mbwa kwenye gari usiku na kumtupa Namanga. Lakini mke wake alimwambia wangu sokoni kwamba yule mama alirudi Mwingi na masharti. Anapiga simu kila Jumapili baada ya kanisa, na hataki kuambiwa mbwa yuko salama. Anataka kumsikia akibweka. Kwa hivyo kila Jumapili yule mtu mkubwa, mwenye kuuza miti ya miiba, anatoka nje na simu, anapiga magoti kando ya geti na kumbembeleza mbwa abweke.

Juzi alikuja hardware. Alingoja mwenzangu awe huru, lakini mwenzangu alikuwa ameenda chakula. Akasema anataka mbao, bila kuniangalia.

"Za kujenga nini?"

"Kibanda."

"Cha kuku?"

Aligeukia mabati ukutani. "Cha mbwa."

Nikamchagulia mbao nzuri, kavu, zisizo na mafundo, kwa sababu ya atakayelala ndani. Nikazifunga, nikampa, na kumuuliza kama amemaliza homework.