Punda Wangu Alisimama Mbele ya Mti

Leo nusura punda wangu aniaibishe mbele ya Malaba yote!

Yalikuwa mashindano ya punda kuruka miti iliyolazwa njiani, pale uwanjani karibu na soko. Kijana wangu Barasa ndiye aliyempanda Tabu wangu, na alikuwa ameapa: "Mama, huyu mzee akishindwa, kesho namuuza ng'ambo."

Amuuze Tabu? Aliyenibebea mahindi kuvuka mpaka miaka yote hii? Aniuze mimi kwanza!

Filimbi ikalia. Tabu akatoka mbele kama moto!

Akafika mti wa kwanza.

Akasimama.

Wenzake wakampita. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Barasa anampiga mateke, anapiga kelele, "Mama, huyu amekwisha!"

Amekwisha wapi? Mimi sikusoma, lakini macho ninayo. Kila siku pale mpakani kuna mti umelazwa barabarani, na Tabu hasogei mpaka askari aniambie neno.

Nikakusanya gauni, nikakimbia, nikatoa sauti nzito ya askari: "Haya, mama, pita!"

Akaruka!

Mti wa pili, pita! Wa tatu, pita! Mwishowe uwanja mzima unaita pamoja nami, na Tabu akawapita wote!

Sasa Barasa amesimama mlangoni kwangu, ananusa kuku niliyempika.

Nimelaza mwiko mlangoni.

Jamani, mnasemaje? Nimwambie "pita"?