Santuri Niliyoianika Juani

Juzi sokoni Bariadi kijana alininadia saa ya ukutani iliyotengenezwa kwa santuri. Niliigonga kwa ukucha mara mbili, nikamwambia, "Hii plastiki, mwanangu. Zile za zamani hazikulia hivi." Sikununua, lakini njia nzima niliikumbuka ile niliyoiharibu utotoni.

Guku, babu yetu wa Ngulyati, alikuwa na santuri moja nzito, sauti pekee iliyobaki ya marehemu mdogo wake aliyekuwa mwimbaji. Ilikuwa ikikwaruza, nami nikadhani vumbi la pamba limemkaba mwimbaji koo. Mchana mmoja nikaiosha kwa sabuni, nikaianika juu ya bati pamoja na vikombe. Sikujua kwamba imetengenezwa kwa utomvu wa wadudu, unaolegea juani kama nta. Niliporudi ilikuwa imejipinda kama bakuli, inanuka lakiri ya kufungia barua.

Bibi alinikuta nimeishika mikononi. "Umemuua mara ya pili," alisema. Akaibana katikati ya vibao viwili ikiwa bado ya moto, akanikalisha juu yake. "Usijitikise!"

Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipomsikia Guku langoni nilihesabu hatua zake moja moja hadi mlangoni. Aliniinua, akaitoa santuri yake kati ya vibao, akaiweka kwenye gramafoni, akashusha sindano. Sauti ilipanda, ikashuka, ikayumba vibaya.

Guku alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Bibi.

"Leo ndiyo anaimba kama nilivyomzoea," alisema. "Amelewa."