Rifle, bastola ama shotgun: vile baba yangu alichagua bunduki ya nyumba pale Yamumbi

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Huku mvua imekuja mapema, niko kando ya jiko na chai yangu, kwa hivyo leo mtanivumilia kidogo.

Juzi kijana mmoja humu aliuliza ni bunduki gani inafaa kulinda nyumba, rifle, pistol ama shotgun. Mkamjibu mpaka page ya nne. Wengine mnajua bunduki kuliko askari wenyewe, hongereni. Lakini sikuona hata mmoja akimuuliza ni watu gani anaishi nao hapo kando.

Mimi si mtaalamu wa silaha. Nina kisa kimoja tu, cha kwetu nyumbani, na sitatia chumvi. Kama kuna mtu wa Yamumbi wa miaka hiyo humu ndani, anisahihishe nikiteleza.

Ilikuwa enzi za chama kimoja, miaka ya themanini. Yamumbi, hapa nje ya Eldoret, haikuwa hii mnaona sasa. Ilikuwa mashamba, ng'ombe, nyumba za mbao na mabati, na barabara ambayo ikinyesha unabeba viatu mkononi. Wazazi wangu walitoka mkoa wa Central wakanunua shamba kidogo, baba akafungua duka mbele ya nyumba. Sukari, mafuta ya taa, sabuni ya kukatwa kipande. Mimi ndiye kifungua mimba, Wambui, kwa hivyo watu waliwaita Mama Wambui na Baba Wambui.

Ng'ambo ya fence alikaa Mzee Kiptoo na familia yake. Maziwa tulitoa kwake, chumvi alitoa kwetu.

Sasa, usiku mmoja wezi wakaanza kung'oa mbao za duka. Mama akapiga nduru.

Wale mmekulia kwa flat pengine hamjui nduru. Ni ukelele wa kuomba msaada, na ni sheria ambayo haijaandikwa mahali. Ukiisikia unatoka na chochote kiko karibu, na huulizi anayelia ni kabila gani. Boma ikajaa watu, rungu, panga na tochi. Mzee Kiptoo alifika kabla ya wote, blanketi mabegani, miguu mitupu. Wezi wakatoroka wakaacha hata nyundo yao.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu arudi kulala. Baba alishukuru, ndiyo, na mama akapikia watu wote chai. Lakini kuna kitu kilimkaa rohoni. Majirani walikuwa wamemkuta mlangoni na kaptula ya kulalia, fimbo mkononi, akitetemeka. Na mzee wangu alikuwa mtu wa kujiheshimu sana. Kanisani alikaa benchi ya mbele.

Tangu siku hiyo wimbo ukawa mmoja. Bunduki.

Baba mdogo, ndugu yake aliyekuwa karani mjini na akikaa mtaa wa Pioneer, alikuwa upande wa pistol. Alisema ni ndogo, unalala nayo chini ya mto, mwizi hajui iko wapi. Mama akamuuliza kama mwizi hajui iko wapi, na hawa watoto wanaofunua kila kitu kwa hii nyumba? Baba mdogo akanywa chai. Tena miaka hiyo pistol ilikuwa ya wakubwa. Mwenye duka la sukari akiomba bastola, kwanza yeye ndiye angechunguzwa.

Mzee Kiptoo alipenda rifle. Alikuwa amefanya kazi kwa shamba la mzungu zamani, na aliona ile kitu ikiangusha mnyama mbali sana. Baba karibu akubali. Lakini mama, ambaye hakuwa ameshika bunduki maisha yake yote, alimpeleka nyuma ya nyumba akamwonyesha ukuta. Mbao moja tu. Huku ndani ni kitanda chetu watoto, huku nje ni fence, na ng'ambo ya fence ni nyumba ya Mzee Kiptoo, pia ya mbao. Akasema, "Risasi ikikosa mwizi, itasimamia wapi?"

Baba alikaa na hilo swali wiki nzima. Kwa hilo nampa heshima mpaka leo. Hakuwa mtu wa kukurupuka.

Mwishowe akachagua shotgun. Sababu zake zilikuwa nzuri, na nyinyi pia mmezitaja huko kwa uzi wa yule kijana. Kuilenga hakuhitaji ufundi mwingi, risasi zake ni punje zinazotawanyika, haziendi mbali kama za rifle. Na mwizi akiuona tu mdomo wake, anakumbuka kwao. Makaratasi yakapita kwa chief, yakapita kwa D.O., wakataka kujua kama ana kadi ya chama, wakamzungusha mpaka viatu vikaisha. Lakini aliipata.

Sasa sikizeni hapa, maana shida haikuwa bunduki kufyatuka vibaya. Hiyo shotgun haikuwahi kupiga mtu.

Jumapili moja baada ya kanisa baba aliita majirani wote. Chai, mandazi, bunduki mezani. Akaenda nayo shambani akapiga kichuguu mara moja, kichuguu kikafumuka, kuku wakatawanyika. Watu wakapiga makofi. Mzee Kiptoo ndiye alianza.

Halafu baba akawaambia kitu, na alikisema kwa upendo kabisa, alikuwa anawajali. "Mnaona hii kitu inatawanya. Haijui jirani, haijui mwizi. Kwa hivyo mkisikia nduru hapa kwangu, msije. Ingieni ndani, mlale chini, mniachie mimi."

Wakaitikia. Ilikuwa ni maneno ya busara, ama? Hata mimi niliona hivyo. Nilikuwa msichana wa darasa la saba, na kusema ukweli nilitembea na maringo mwezi mzima, mtoto wa mwenye bunduki.

Ikapita muda. Kiangazi kikaja kikali, kisima chetu kikaanza kutoa matope. Jumamosi moja asubuhi baba akaamua kuingia akitoe tope mwenyewe. Kazi ya kawaida, watu wote walikuwa wanafanya. Yeye chini na jembe la mpini mfupi, mama na mimi juu tunavuta ndoo na kamba.

Tulikuwa tumevuta ndoo nyingi tu wakati upande mmoja wa ukuta wa kisima ulishuka.

Haikupiga kelele kubwa. Ilikuwa ni kama gunia la mahindi limewekwa chini. Tukachungulia. Baba alikuwa amefunikwa mpaka kifuani, mkono mmoja nje, na udongo mdogo mdogo bado unamwagika juu yake. Alisema, "Ita watu." Akajaribu kusema tena, sauti ikawa ndogo.

Mama akapiga nduru.

Wakuu, nimesikia nduru nyingi, lakini ile ya mama siku hiyo iko kwa masikio yangu hadi leo. Akapiga, akapumua, akapiga tena. Akaniambia na mimi nipige. Tukapiga wawili. Mchana kweupe, jua liko juu, na Yamumbi yote imejaa watu kwa mashamba yao.

Nikatazama ng'ambo ya fence. Mama Kiptoo alikuwa anaanika nguo. Nilimwona na haya macho yangu akiacha beseni, akinyakua mtoto wake mdogo aliyekuwa anacheza nje, akakimbia naye ndani. Mlango ukafungwa. Kwa shamba la juu wanaume wawili waliokuwa wanalima walilala kwa mifereji.

Hakuna aliyekuja. Walikuwa wanatii.

Nilimwona mama akielewa. Uso wake ulibadilika. Akanishika bega akasema, "Wambui, kimbia. Waambie si wezi."

Nikaruka fence, nguo ikashikwa na seng'enge ikararuka. Nikakimbia nikilia si wezi, si wezi, baba amefunikwa kisimani. Nikagonga kwa Mzee Kiptoo na ngumi zote mbili. Halafu sauti yake kutoka chini kabisa, sakafuni: "Ni nani? Wako wangapi?"

Nikamwambia ni Wambui, hakuna mtu, ni kisima.

Alifungua akatoka mbio, na Mama Kiptoo nyuma yake akaanza kupiga nduru yake mwenyewe. Na nduru ya kwao, wakuu, watu waliitikia. Walitoka kila upande. Mzee Kiptoo alijifunga kamba akashuka yeye mwenyewe, na udongo bado unaanguka.

Walimtoa baba akiwa hai. Mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika vibaya na mbavu pia, na daktari alimwambia mama wangechelewa kidogo tu udongo ungemkata pumzi. Alitembea na mkongojo mpaka mwisho wa maisha yake.

Kule hospitali aliniambia kitu ambacho hakuwahi kurudia. Alisema chini kule alikuwa anasikia nduru ya mama vizuri. Alikuwa anangoja miguu ya watu. Na kadiri alivyongoja ndivyo alivyokumbuka ni nani aliwakataza. Alilia, baba yangu, mbele yangu.

Siku aliyotoka hakupumzika. Alitembea na mkongojo nyumba kwa nyumba akiwaambia majirani, "Mkisikia nduru kwangu, njooni." Bunduki akairudisha kituo cha polisi. Afisa alimuuliza kama amechoka na usalama, akasema hapana, ameutafuta mahali pengine.

Ningependa kuwaambia mambo yalirudi sawa hapo hapo. Hapana. Miezi baadaye nyoka aliingia kwa kuku, mama akapiga nduru. Watu walikuja, lakini walisimama fence. Mzee Kiptoo, yule yule aliyeshuka kisimani, aliita kwanza kutoka mbali: "Baba Wambui, ile kitu iko wapi?" Baba akainua mikono yote miwili, mkongojo ukaanguka, wakaiona mitupu, ndipo wakaingia.

Sasa kijana, sikukatazi. Nyakati ni tofauti na wezi wa siku hizi ni wengine. Pima rifle, pima pistol, pima shotgun, hayo yote mmeyaeleza vizuri kuliko mimi. Lakini funzo langu ni hili: silaha ya nyumba haiambii mwizi peke yake kitu. Inaambia jirani pia, na jirani anasikia haraka kuliko mwizi.

Wenye bunduki nyumbani, na wenye hamna, niambieni ukweli hapo chini, bila kujisifu. Ukipiga nduru leo mchana hapo unapoishi, ni mlango gani utafunguka?