Muuza Matairi na Tope la Wateja

Muuza matairi hamuulizi mteja saizi. Huchutama kwanza kando ya gurudumu, akakwangua tope kwa ukucha wa gumba, akalisugua kiganjani mpaka ajue gari limetoka wapi. Dereva wa gari la wagonjwa alitaka yale ya meno makubwa.

"Kaka, siku tano uko lamini, mbili tu topeni. Hayo lami itayala. Chukua haya ya kati, na ukifika kwenye tope punguza upepo."

Dereva aliyachukua, akaondoka amenuna. Mvua ilipokuja akarudi akipiga honi tangu kona.

"Dada! Malori yamekwama, mimi nimepita! Mzazi kajifungulia hospitali!"

Muuza matairi alichutama, akakwangua, akasugua, akakunja uso. Kisha akaangua kicheko.

"Umefika wapi, kaka? Tope hili silijui!"