Waya Uliodhaniwa Umekufa

Alhamisi, 14 Machi 1996. Joto kali tangu asubuhi, upepo wa vumbi, wingu hakuna.

Diriye Alio, mchanja mifugo wa Garissa, alikuwa na miaka arubaini na mitatu. Kazini alipewa pikipiki kubwa ya safari, ya kuwashwa kwa swichi tu, haina kiki. Katika kila boma upande wa Bura, wazee walimwomba jambo moja kabla ya chanjo: wasikilize habari za Kisomali kutoka London. Ndugu zao walikuwa Mogadishu, na mawe ya redio zao, betri zile ndogo, yalikuwa yamewaishia.

Kwa hiyo Diriye alitafuta umeme kwenye pikipiki. Chini ya kiti alikuta waya wenye kifuniko cha mpira. Aliugusisha balbu ndogo, haikuwaka. Akadhani umekufa, akaunga redio moja kwa moja kwenye betri.

Alhamisi hiyo, bomani kwa mzee Yarrow, redio ililia tangu adhuhuri. Habari za jioni zilipokwisha tu, mayowe yakatoka zizini. Naimo, mjukuu wa mzee huyo, mwenye miaka saba, alikuwa ameumwa na nyoka mguuni.

Diriye alichora kwa kalamu mstari pale uvimbe ulipofikia, akaandika saa kando yake. Akabonyeza swichi. Ikalia tik, basi.

"Iwashe, Diriye!" Yarrow alisema.

"Betri imekwisha, adeer, mzee wangu. Redio imeinywa yote."

"Ngamia wangu hanywi betri."

"Ngamia wako atafika Garissa kesho kutwa."

Mzee akawaita wanaume.

Mchangani pikipiki haisukumiki. Wanaume sita waliiburuta hadi juu ya tuta la silanga, bwawa la kunyweshea mifugo, ili iteremke kwa kasi. Diriye alipanda, Naimo akafungwa mgongoni kwake kwa shuka. Mara ya kwanza gurudumu liliteleza, injini kimya. Wakaipandisha tena. Mtoto alikuwa ameanza kutapika. Mara ya pili injini ilikohoa, ikashika.

Hakuthubutu kupunguza mwendo wala kuwasha taa, injini isije ikazima. Njiani watu watatu walitoka vichakani wakipunga mikono. Huenda walitaka lifti, huenda walikuwa majambazi. Kusimama ni kuzima. Aliinama, akapita katikati yao akisubiri risasi. Haikuja. Kilichomtisha zaidi ni kwamba Naimo hakulia tena.

"Naimo, nifinye!" alipiga kelele. Baada ya muda akahisi kucha ubavuni.

Hospitalini Garissa, Naimo alichomwa sindano ya sumu ya nyoka saa moja kasorobo jioni. Usiku kucha Diriye alichora mistari.

Asubuhi Naimo aliomba chai. Uvimbe haukuwa umevuka mstari wa nne. Diriye alitoka uani, akainua kiti, akagusisha balbu kwenye ule waya. Giza. Akazungusha ufunguo: balbu ikawaka. Akaurudisha: ikazima. Siku ile ya kwanza aliupima ufunguo ukiwa mfukoni.

Akazing'oa nyaya za redio kwenye betri, akaziunga hapo, redio isinywe betri tena ufunguo ukiwa umezimwa, kisha akarudi wodini na kalamu yake.