Moshi wa Saa Kumi

Watu wakisimulia miaka hii ya Hali ya Hatari husimulia bunduki. Mimi nitasimulia moshi, kwa sababu bunduki haikumgusa binti yangu.

Tumepanga chumba kimoja Majengo, hapa Meru, nyuma ya banda ambapo wachinjaji hubabua vichwa na kwato za mbuzi. Serikali ilikuwa imeufunga msitu ili wapiganaji waliojificha humo wasipate chakula. Wanawake tuliruhusiwa kuokota kuni kwa muda mfupi tu, askari akitusimamia, basi tulirudi na chochote, hata matawi mabichi. Na kwa kuwa kafyu ilianza jua likizama, mtaa mzima ulipika wakati mmoja: saa kumi. Wachinjaji nao wakababua. Moshi haukuwa na pa kwenda ila vyumbani.

Nilimwomba mchinjaji jirani asogeze moto wake. Akacheka. "Mwalimu, supu ya kichwa si unaipenda?" Mimi si mwalimu. Nilifika sekondari, na Majengo hilo lilitosha.

Binti yangu alikuwa na miezi minane alipoanza kukohoa. Mama mkwe akaja kutoka shambani, akasikiliza kifua chake. "Hii ni baridi. Kwetu mtoto hulala karibu na mafiga. Funga dirisha." Licha ya kusoma kwangu kote, nikafunga. Nikaziba hata ufa wa mlango kwa gunia. Siku tatu nilimweka pale kando ya moto nikidhani ninamponya.

Siku ya tatu, saa kumi na moja, midomo yake ikawa rangi ya majivu. Mbavu zilizama kila alipovuta pumzi. Nikambeba mbio hospitalini. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akadai pasi, akaisoma polepole huku mtoto akikoroma mgongoni.

"Kafyu iko karibu. Utarudi saa ngapi?"

"Sirudi. Nipige risasi kesho."

Akanipisha.

Hospitalini nilikuta wanawake watatu kwenye benchi, wote wa mtaa wetu, watoto wao wakitoa mlio ule ule. Mmoja alikuwa mke wa mchinjaji yule.

"Jana pia nilikuwa hapa," akasema bila kunitazama. "Na juzi."

Dresa, mhudumu wa wagonjwa, akaandika: kifua. Nikamwambia aandike Majengo, aandike moshi, aandike saa.

"Mama, mimi naandika ugonjwa. Mtaa andika wewe."

Lakini mikono yake ilikuwa mizuri. Alimdunga binti yangu sindano, akamlaza chini ya dirisha lililo wazi, baridi ya mlima ikiingia. Nikanyanyuka kulifunga. Akanishika mkono.

"Acha! Huyu anataka hewa."

Nikakumbuka gunia mlangoni. Nikakaa chini, sakafuni.

Asubuhi binti yangu alinyonya. Mtoto wa mke wa mchinjaji alikuwa amefunikwa shuka mpaka usoni.

Tangu siku hiyo napika asubuhi, jioni tunakula chakula kilichopoa. Saa kumi nambeba binti yangu mpaka uwanja wa Kinoru, tunakaa penye upepo, tunarudi mbio kabla ya kafyu. Mke wa mchinjaji huja nasi, mgongo mtupu. Mumewe bado anababua pale pale, na kuni bado zinatoka msituni zikiwa mbichi, na askari bado anatuhesabia muda. Hao wanaosimulia bunduki waniambie nimkasirikie nani kwanza.